Begi la Juma na saa tisa usiku

REHEMA: Wasikilizaji, mkisikia mikwaruzo leo msishangae, ni zipu. Juma amekuja studio na begi lake, na mimi nimejipa kazi ya kulipekua.

JUMA: Nami nilidhani nakuja kupongezwa, dada. Ijumaa naondoka, Jumapili narudi. Sijawahi kulala kwenye hema maisha yangu, lakini begi, mwenyewe unaliona, limejaa pomoni.

REHEMA: Kujaa si hoja. Haya, naanza kutoa. Kiti cha kukunja. Kiti kingine. Spika. Kamera, miwani ya jua, kofia... Juma, humu umefungasha mchana mtupu.

JUMA: Kwani tunakwenda kufanya nini? Si kukaa na kutazama vilima?

REHEMA: Mchana hauna shida. Ukikosa kiti utakalia gogo. Mimi nakuuliza habari za saa tisa usiku. Umelala chali ndani ya hema, chini yako kuna nini?

JUMA: Mfuko wa kulalia. Huu hapa. Mnene, na wameandika unahimili mpaka nyuzijoto 5.

REHEMA: Na chini ya mfuko?

JUMA: Sakafu ya hema, basi.

REHEMA: Hapo hapo ndipo nilipoumbuka. Usiku wangu wa kwanza nilikuwa na mfuko mzuri kuliko huu. Nikajitupia blanketi juu, nikavaa sweta mbili, na bado meno yanagongana. Kumbe baridi ilikuwa inanipata kwa chini. Hebu bonyeza hapa kwa ngumi. Bonyeza kweli.

JUMA: Unanywea wote.

REHEMA: Sasa huo ndio mgongo wako na nyonga zako usiku kucha. Mfuko unakupa joto kwa ile hewa inayonaswa kwenye sufi yake. Ukiulalia, hewa inatoka, unabaki na vitambaa viwili tu, na ardhi inakunyonya joto mpaka kunakucha. Blanketi langu lilitakiwa liwe chini. Bora zaidi mkeka wa sponji: mwepesi, hautoboki, unaufunga nje ya begi.

JUMA: Nina lile godoro kubwa la kujaza upepo, la wageni.

REHEMA: Liache liwasubiri wageni. Ndani ni hewa tupu inayozunguka, ikigusana na ardhi inapoa, na wewe unapoa nayo. Yapo ya upepo yaliyotengenezwa kwa kambi, yana kizuizi cha baridi ndani. Hayo sawa, ila beba na viraka. Tena tazama lebo ya mfuko vizuri. Mara nyingi kuna namba mbili, moja ya kulala kwa raha, nyingine ya kikomo cha kuvumilia. Wewe umesoma ipi?

JUMA: Ngoja... Ya kikomo. Ya raha ni 10.

REHEMA: Umeona? Na huko unakokwenda ni juu kuliko hapa. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Piga hesabu mwenyewe. Naendelea... jinzi mbili na fulana za pamba. Hizi zikilowa hata kwa jasho hazikauki upesi, na nguo mbichi jioni ni balaa. Chukua za sufu au poliesta. Halafu tenga nguo moja ya kulalia na soksi kavu, uzifunge kwenye mfuko wa plastiki, mchana usiziguse hata ukishawishika.

JUMA: Tochi usiitafute, nitatumia simu.

REHEMA: Utaishika na nini wakati mkono mmoja una kigingi na mwingine una jiwe?

JUMA: Mdomo.

REHEMA: Nunua tochi ya kuvaa kichwani, Juma. Ukiwa safarini geuza betri moja kinyume, isije ikajiwasha ndani ya begi ukafika na betri zimekufa. Hiki nacho ni nini?

JUMA: Kijiko... yaani kijijiko cha mkaa. Kidogo tu. Nimeona kikibaki na makaa kidogo kitatupashia joto hema.

REHEMA: Hapana. Hapa sicheki tena. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Hata makaa yaliyofifia, hata jiko la gesi, hata ukiacha mlango wazi. Moto hauingii ndani ya hema. Ukitaka joto, chemsha maji, tia kwenye chupa isiyovuja, ivalishe soksi, iweke miguuni.

JUMA: Nimeelewa. Nakiacha nyumbani.

REHEMA: Maji umepanga kiasi gani?

JUMA: Chupa mbili za nusu lita.

REHEMA: Kwa kunywa na kupika, weka lita 3 au 4 kwa mtu kwa siku. Kama kuna mto, chemsha, yakitokota sawasawa hesabu dakika 1. Mkiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Mengine nayapita haraka: plasta za malengelenge, dawa zako, kisu, kamba, kiberiti ndani ya kopo lisilopitisha maji, koti la mvua juu kabisa ya begi. Na koleo dogo.

JUMA: La nini?

REHEMA: La choo, kaka. Shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji. Sasa nionyeshe hema.

JUMA: Hili nimeazima kwa rafiki. La watu watatu, nasi tuko watatu.

REHEMA: Hiyo namba ni ya watu waliopangwa kama kuni, bila hata begi moja. Tafuteni lingine la mtu mmoja. Ulishalipiga hata mara moja?

JUMA: Sijalifungua. Ameniambia ni jepesi sana.

REHEMA: Lifungue hapa mezani. Sogeza hiyo maikrofoni... Haya, hema lenyewe. Turubai la mvua, zuri. La kutandika chini, hakikisha halichomozi nje ya hema, la sivyo linakinga mvua na kukupelekea chini ya mgongo. Vigingi, 8, 9... 10. Na fito?

JUMA: Fito zipi?

REHEMA: Zinazolisimamisha.

JUMA: Si hizo za chuma?

REHEMA: Hivyo ni vigingi. Kung'uta mfuko.

JUMA: Hamna kitu.

REHEMA: Kung'uta tena.

JUMA: Dada, limebaki vumbi tu. Ndiyo maana lilikuwa jepesi.

REHEMA: Usizime kinasa sauti. Mpigie rafiki yako sasa hivi.