Hakuutahayarikia Mnyororo Wangu: Maneno kwa Wanaojiandaa Kuhudumu Magerezani

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, na nyote wengine habari za asubuhi. Mchungaji ameniomba nizungumze nanyi mnaojiandaa kwa huduma ya magereza, na nimeambiwa kuna waliokwisha kuandaa mahubiri. Nawaomba myaweke kando kwa saa moja hii. Nataka tuanze na joho.

Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni Rumi na anajua siku zake zinahesabika. Sura ya nne ana maneno mazito, vita amevipiga, mwendo ameumaliza. Mistari michache mbele anaomba aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Halafu mstari wa 21 anamsihi Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtu aliyelala kwenye sakafu ya gereza mwezi wa saba hahitaji mtu wa kumfafanulia mstari huo. Mtume alikuwa anasikia baridi, na alimjua mtu mmoja anayeweza kumwomba nguo bila kuona haya.

Rudini sasa sura ya kwanza. Kuna mtu anaitwa Onesiforo, ambaye jina lake halisikiki sana kwenye mimbari zetu. Paulo anasema mara nyingi alimburudisha, wala "hakuutahayarikia mnyororo wangu, bali, alipokuwapo hapa Rumi, alinitafuta kwa bidii akanipata." Kama Onesiforo alihubiri mle kifungoni, Paulo hakuyaandika mahubiri hayo. Aliandika kwamba alitafutwa, akapatikana, na kwamba ilikuwa mara nyingi. Hiyo "mara nyingi" ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mimi naingia gerezani mwaka wa kumi na moja huu. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na kijana mmoja mahabusu, umri wake kama miaka ishirini. Siku moja baada ya ibada, mbele ya afisa ustawi, aliomba nimfikishie mama yake habari kwamba yuko pale. Nyumbani hawakujua. Afisa akaruhusu. Yule kijana akanielekeza kwa utulivu kabisa, huku akichora na kidole kwenye goti lake: ukishuka stendi shika njia ya mnadani, ukifika mashine ya kusaga utamkuta mama anakaanga mihogo, muulize, huyo ni jirani yetu. Nikamjibu, "Sawa mdogo wangu, wiki hii nitafika, Mungu akipenda."

Wiki hiyo nilikuwa na vikao vya harusi. Iliyofuata kulikuwa na msiba. Jumapili ya tatu nikaingia gerezani, nikamkuta ameketi mstari wa mbele, amevaa shati safi ambalo baadaye nilisikia aliliazima. Alikaa ibada nzima bila kuondoa macho kwangu. Tulipomaliza akaja. "Kaka, mama amesemaje?" Nilianza kueleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, si neno," akarudi kukaa. Ibada iliyofuata alikaa nyuma kabisa, na hakuimba.

Jumatatu baada ya Jumapili ile ya tatu nilikwenda kwa mama yake. Kila alichonielekeza kilikuwa pale pale, mashine, mihogo, jirani. Mama yule alikuwa ameshazunguka vituo viwili vya polisi, kisha akaenda hospitali, kisha mochwari. Wiki tatu nzima mama alimtafuta mwanawe miongoni mwa maiti, na habari za uzima wake nilikuwa nazo mimi, mfukoni, kati ya kikao kimoja cha harusi na kingine.

Ndugu zangu, sisi huku nje tuna maneno tunayoagana nayo. Nitakuja. Tutaonana wiki ijayo. Nitajitahidi, Mungu akipenda. Kwetu huo ni ustaarabu, na anayeambiwa anajua hivyo, hakasiriki usipotokea. Yavukishe maneno hayo geti la gereza, yanakuwa kitu kingine. Mle ndani mtu hana kalenda ya harusi wala misiba inayofunika ahadi yako. Ana asubuhi ya kuhesabiwa, ana ugali na maharage, ana jioni ya kuhesabiwa tena na kufungiwa, na ana lile neno lako. Atalala nalo na kuamka nalo. Kwa hiyo kama huna hakika, sema tu, "Hilo siliwezi." Nimelisema mara nyingi tangu wakati ule, na sijaona mfungwa aliyeniacha kwa sababu nilimwambia ukweli.

Ndiyo maana nikiulizwa nani afae kwa huduma hii, simtafuti kwanza mwenye sauti nzuri au upako wa kuhubiri. Namtafuta mtu ambaye akisema Jumapili ya pili ya mwezi, Jumapili ya pili ya mwezi yupo getini, mvua inyeshe isinyeshe.

Wako waliotutangulia. Elizabeth Fry, mama wa Kiingereza wa kanisa la Quaker, aliingia gereza la Newgate, London, mwaka 1813, akakuta wanawake wamerundikana pamoja na watoto wao, wengine hawana hata nguo. Alipeleka nguo za watoto. Kisha mambo ya nyumbani yakamzuia, na ilipita karibu miaka minne kabla hajarudi. Lakini alirudi. Alipewa chumba kwa ajili ya shule ya wale watoto, na wafungwa wakamchagua mwenzao mmoja, aliyefungwa kwa kuiba saa, awe mwalimu. Baadaye hata kanuni za kuishi mle aliwasomea moja moja, wakazipigia kura. Mambo hayo ni ya 1816 na 1817. Ninapokutana na kikundi kinachoingia gerezani na ratiba iliyokwisha kupangwa ofisini, bila hata kuwauliza wafungwa wanahitaji nini, huwa namkumbuka mama huyu.

Na Charles Colson, aliyekuwa mtu wa karibu wa Rais Nixon kule Marekani, alifungwa miezi saba kutokana na kashfa ya kisiasa ya Watergate. Alipotoka hakutaka kuwasahau aliowaacha ndani, na mwaka 1976 akaanzisha Prison Fellowship, huduma ya Kikristo ya magereza, ambayo leo ina matawi katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

Tuje sasa kwenye siku yenu ya kwanza. Mtakuwa na barua ya kibali na vitambulisho. Hapo getini msalimieni askari kama mnavyomsalimia mtu wa heshima, maana ndivyo alivyo. Naye kwa siku nyingi yuko ndani ya kuta zile zile, anakaa kota, ana watoto wanaodaiwa michango shuleni. Mwombeeni naye, na akikukagua usinune. Barua ya mfungwa usiipokee kwa siri, hata akulilie. Hela usimpe mkononi. Ukivunja utaratibu mara moja, mlango unafungwa kwa wote, na watakaoumia ni wale unaodhani umewasaidia.

Beba sabuni. Nasema sabuni kabla ya Biblia, na sina hofu kwamba Bwana atanielewa vibaya. Nimewahi kumwona mzee mmoja, nguo zake za rangi ya chungwa zimepauka mabegani, akikata mche wa sabuni kwa uzi. Aliuzungusha uzi, akavuta ncha mbili taratibu, kipande kikaanguka kwenye kiganja. Akapima kipande kwa kipande kingine, kilichozidi akakimega, akaongeza kwenye kile kilichopungua. Wenzake walikuwa wamechuchumaa kimya wakimtazama. Hakuna aliyelalamika, maana hakikuwepo cha kulalamikia. Sijawahi kuona meza ya Bwana ikigawanywa kwa umakini kama ule.

Na sabuni hiyo usiulize dini. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vikundi vinavyogawa vitu baada ya ibada, kwa waliohudhuria tu. Mtu aliyefungiwa akibadili dini kwa kipande cha sabuni umepata nini, naye amepata nini? Mpe Mwislamu sawasawa na Mkristo, halafu anayetaka kusikia Neno atakuja mwenyewe. Wengi huja. Kwa upande wa wanawake, pelekeni pedi, na msiombe radhi kwa kuzipeleka. Ulizeni kama kuna walio na watoto wachanga ndani, maana wapo watoto wanaojifunza kutembea nyuma ya ukuta ule.

Usimuulize mtu amefanya nini. Akitaka atakwambia, na siku akikwambia nyamaza usikilize. Kumbuka pia kwamba wengi utakaowakuta ni mahabusu, kesi zao hazijaamuliwa. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Lakini muulize mahabusu neno analolisikia mahakamani. Anapelekwa kwa karandinga, anasimama kizimbani dakika chache, anasikia "upelelezi haujakamilika", anarudishwa. Baada ya siku kumi na nne, hivyo hivyo. Wako wanaolijua tamko hilo kwa sauti ya kila mwendesha mashtaka. Wewe si wakili, usijifanye wakili. Ila tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa, na kanisa linaweza kujua ofisi yao iko wapi na kumwomba mkuu wa gereza nafasi yao. Hiyo nayo ni huduma, nami naona tumeiacha nyuma sana tukakimbilia vipaza sauti.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linanisumbua usiku. Kila mwenye hatia mle ndani ana mtu aliyemwumiza huku nje, na huyo pengine anasali kanisa hili hili, benchi la nyuma yako. Tukimpenda mfungwa kana kwamba aliyeumizwa hayupo, tunamdhulumu mara ya pili. Majirani zetu wa Rwanda walilazimika kulikabili hili kuliko sisi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 magereza yao yalijaa watu zaidi ya laki moja. Prison Fellowship ya kule iliingia ndani kuongea na watuhumiwa habari za kukiri na kuomba msamaha, na ikaenda pia kwa walionusurika. Baadaye wakajenga vijiji, kimoja kiko Mbyo, wilaya ya Bugesera, ambapo aliyeua na aliyefiwa wanaishi nyumba jirani. Walisaidiana kufyatua matofali. Sithubutu kuongeza neno langu juu ya hilo. Nasema tu kwamba Zakayo aliposhuka mkuyuni hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani, alitaja pia watu aliowanyang'anya na namna ya kuwarudishia.

Sasa nifike kwenye siku ya kutoka, maana hapa ndipo kanisa letu limelala. Mnasikia tarehe 26 Aprili au 9 Desemba Rais ametoa msamaha, tunafurahi. Nimewahi kumpokea mtu asubuhi moja, ametumikia miaka tisa. Alitoka na mfuko wa rambo, ndani yake Biblia na kandambili. Tulipofika barabara kuu akasimama. Bodaboda zinapita huku na huku, yeye anatazama. Nikadhani anaomba. Kumbe alikuwa ananisubiri nimwambie avuke. Miaka tisa hakuvuka mahali bila kuambiwa. Nilimshika mkono, tukavuka.

Jumapili tulimleta kanisani, na kosa tulilofanya naliona mpaka leo: tulimpandisha madhabahuni atoe ushuhuda. Watu walipiga makofi, walipiga vigelegele. Ibada ilipokwisha, kila mtu alikuwa anajua ni nani. Mama mmoja akavuta mkoba wake mapajani. Fundi aliyekuwa ameahidi kumpa kazi hakupokea simu tena. Naomba sana, na hili ningependa liwe utaratibu wa kanisa hili: atakayetoka asiitwe mbele. Aketi kama mtu mwingine. Miaka ikipita akitaka mwenyewe kusema, atasema.

Kinachohitajika ni kile Paulo alichomfanyia Onesimo. Hakumtuma mtumwa huyo mikono mitupu kwa bwana wake Filemoni. Aliandika barua, akasema kama alimdhulumu au ana deni lake, liandikwe juu yangu, na akaweka mkono wake kwamba atalipa. Huyo ni mdhamini, ndugu zangu. Simwambii mtu aende mahakamani kusaini dhamana ya mtu asiyemjua, hapana. Nasema yule anayetoka atahitaji nauli, atahitaji pa kulala wiki mbili za kwanza, na mtu wa kwenda naye kwao kubisha hodi, kwa sababu kuna nyumba hazimfungulii akiwa peke yake.

Yule kijana wa mihogo, wengine mmeniuliza. Mama yake alikuja siku ya kutembelea, nikiwepo. Dakika zao zilikuwa chache. Mama hakumuuliza kesi. Alimuuliza kama anakula. Na ibada iliyofuata alikuwa ameketi mstari wa tatu. Ilinichukua mwaka mzima wa kufika kila mwezi kabla hajarudi wa mbele.

Basi. Tunaanza Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa mbili na nusu asubuhi tuwe getini. Simu acheni nyumbani. Wenye namba za kitambulisho cha taifa, zile za NIDA, waziandikishe kwa katibu kabla hamjatoka. Miche ya sabuni mama wa idara ya diakonia anaipokea kuanzia leo, na pedi vilevile. Ambaye tarehe hiyo hana hakika nayo asiandike jina mwezi huu, asubiri ule ambao ana hakika.