Deni la Majani Mawili

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo ni habari ya watoto wanavyojifunza kwa kucheza. Mwalimu, kabla hujafungua hiyo karatasi yako, nina jambo. Mimi nadaiwa.

ATHUMANI: Na nani tena?

ZUHURA: Na yule mtoto wa dadangu wa Kisauni.

ATHUMANI: Yule wa miaka mitano?

ZUHURA: Huyo huyo. Jumamosi nimeingia uani tu, hata viatu sijavua, naitwa: "Mama mdogo, karibu dukani!" Duka lenyewe liko chini ya mwarobaini. Ubao juu ya matofali mawili, mchanga ndio unga, vigae ndio sabuni. Noti ni majani ya mwarobaini. Nikaomba unga kibaba. Akachota kwa kifuu, ukajaa mshumbi. Akautazama, akautazama tena, kisha akapitisha kiganja juu, ukawa mfuto. Akaniambia, "Mshumbi ni bei nyingine."

ATHUMANI: Lo! Huyo si mtoto, huyo ni Tajiri.

ZUHURA: Subiri. Nikatoa jani moja. "Ni matatu, mama mdogo." Sina. Basi akavuta kipande cha kalenda kuukuu, akaandika. Vijistari viwili, na pembeni kiduara chenye mkia. Nikamwuliza, hiki nini? "Hiki ni wewe." Jumapili asubuhi simu ya dadangu inalia, napokea, kumbe ni yeye: "Mama mdogo, yale majani mawili?"

ATHUMANI: Tajiri hasahau! Lakini hapo umeona, tatu toa moja. Na kibaba kimo humo. Pishi ni vibaba vinne, ukimfundisha mtoto hivyo ubaoni anakukodolea macho tu. Mkononi mwake anaijua.

ZUHURA: Mimi hesabu haikunishangaza. Kilichonishika ni ile kalenda. Mtoto hajui herufi hata moja, lakini anajua maandishi ni ya nini. Anajua mimi nitaondoka, maneno yataruka, ile alama itabaki. Nani kamfundisha?

ATHUMANI: Kamwona mwenye duka la mtaani na daftari lake la madeni.

ZUHURA: Kamwona, ndiyo, ila kuona peke yake hakutoshi, ilibidi awe yeye. Na pale ndipo namkumbuka Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Urusi. Mwaka 1933 alitoa mhadhara juu ya mchezo wa watoto, akaeleza habari ya kijiti kinachokuwa farasi. Mtoto anajifunza kutenga maana na kitu. Sasa, jani kuwa shilingi na alama kuwa "mama mdogo", si kazi ile ile? Herufi "b" haifanani na sauti yake hata kidogo. Tumekubaliana tu. Mtoto aliyezoea kukubaliana kwamba jani ni pesa, huyo mlango wa kusoma umeshamfungukia.

ATHUMANI: Nakubali kabisa. Tena hapa Mombasa hili si geni, Mpango wa Madrasa, ule wa shule za awali, ulianza papa hapa miaka ya 1980, na madarasa yake yana kona za kuchezea, vifaa ni vifuu na makombe ya pwani. Sasa mimi darasani kwangu PP2, mwaka wa mwisho kabla ya gredi ya kwanza, nikiona duka kama la Tajiri, naingia. Nauliza, ukinipa vibaba viwili zaidi, nitalipa ngapi?

ZUHURA: Hapo unaliua.

ATHUMANI: Naliua vipi?

ZUHURA: Mwalimu, ukishauliza hivyo, wewe si mteja tena. Watoto wanajua. Wananyamaza, wanatafuta jibu unalolitaka wewe. Duka limefungwa, limebaki darasa.

ATHUMANI: Dadangu, wewe una Tajiri mmoja, mimi nina watoto arubaini na wanane. Nikiacha bila kuingia, nani anakuwa mwenye duka? Yule mwenye sauti kubwa, kila siku. Nina binti mmoja, muhula mzima amekuwa mteja. Anasimama foleni na jani lake. Hajapima kibaba hata kimoja! Hesabu anaifanya nani?

ZUHURA: Mpe nafasi ya kudai mwenyewe. Kule kugombania, "leo zamu yangu", ndiyo lugha yenyewe. Hakuna insha itakayomfundisha kujitetea kama ile foleni.

ATHUMANI: Na asipodai?

ZUHURA: Atadai.

ATHUMANI: Nimemngoja muhula mzima, Bi Zuhura. Miezi mitatu.

ZUHURA: Basi ingia kama mteja. Mwambie, "Leo mimi nataka kuuziwa na huyu." Lakini lile swali la vibaba viwili liache mlangoni.

ATHUMANI: Siliachi. Mwakani huyo yuko gredi ya kwanza, ataulizwa kwenye karatasi, hakuna mchanga hapo. Lazima mtu amvushe kutoka kwenye kifuu hadi kwenye karatasi, na mtu huyo ni mimi.

ZUHURA: Mvushe baadaye, mchezo ukiisha. Sio katikati.

ATHUMANI: Mchezo ukiisha hamu imeisha.

ZUHURA: Hapo hatutakubaliana.

ATHUMANI: Hatutakubaliana. Na tazama saa. Karatasi yangu ilikuwa na hesabu, lugha, sayansi, na mazingira. Nilitaka kuwaeleza ile hospitali ya darasani, mtoto aliyewapima wenzake joto kwa kijiti cha aiskrimu, akagundua waliotoka kukimbia wote wana homa.

ZUHURA: Wee! Na hujaisema!

ATHUMANI: Umenikalisha dukani nusu saa.

ZUHURA: Waliotoka kukimbia! Aligusa mapaji ya nyuso zao au?

ATHUMANI: Aligusa. Akawaagiza wakae kivulini, akawapima tena. Fundi mitambo ananionyesha kidole, dakika imebaki moja. Hiyo tuiweke wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo tuanze nayo, karatasi ukunje. Mimi kesho napita Kisauni na majani yangu mawili.

ATHUMANI: Njiani kuna mwembe, chuma hapo.

ZUHURA: Ya mwembe hapokei. Nilishajaribu.