Feni Kuukuu, Njia Mpya ya Hewa
(Mazungumzo na mafundi na wenye steshenari, Nyamagana, Mwanza)

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie feni kuukuu za kufunga ndani ya kompyuta, na naona wengine mmekuja nazo kwenye mifuko. Vizuri, tutazifikia. Ila kabla hatujashika bisibisi, tukubaliane jambo moja: feni haipozi kitu. Inasukuma tu. Kinachobeba joto na kulitoa nje ni hewa, na hewa ya hapa ina mambo yake.

Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tunajisifu kwamba hatuna joto la Dar es Salaam, na ni kweli. Lakini hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Chukua kompyuta inayotoa joto la wati 100, na useme hewa inayotoka nyuma isizidi ile inayoingia mbele kwa zaidi ya nyuzijoto 10. Pwani utahitaji lita 8 na nusu hivi za hewa kila sekunde. Huku utahitaji karibu lita 10. Feni ni ileile na inasukuma lita zilezile, ila kila lita inaondoka na joto pungufu. Kwa hiyo faida tunayopata kwa ubaridi wa jiji letu, sehemu yake inaliwa na wepesi wa hewa.

Hata hivyo lita 10 si nyingi. Feni ya kawaida ya milimita 120, ikiwa haijazibwa na chochote, inasukuma lita 20 au zaidi kwa sekunde. Ukiifunga ndani ya keisi, yaani kasha la kompyuta, yenye vitundu vidogo na msitu wa nyaya, inaweza kushuka hadi nusu yake. Bado inatosha! Sasa mbona mashine yenye feni mbili, tatu, inazima saa nane mchana wateja wakiwa wamejipanga na barua zao?

Mara nyingi ni kwa sababu hewa inazunguka palepale. Fundi ametoboa tundu kubwa ubavuni, karibu kabisa na feni ya nyuma, kwa hiyo feni inavuta kutoka hapo jirani na kutupa nje, wakati hewa ya huko mbele chini imetulia tuli. Au kompyuta imesukumwa chini ya kaunta, mgongo umegusa ukuta, na joto lililotoka nyuma linapita chini ya meza na kuingia tena mbele. Nimeona pia feni mbili zinazotazamana, kila moja ikimrudishia mwenzake. Upande wa feni wenye stika na vile vimikono vinavyoshika mota ndiko hewa inakotokea. Usiamini macho: shika kipande chepesi cha risiti mbele yake, uone kinavutwa au kinasukumwa. Hewa iingie mbele chini, ipite kwenye diski, ipite kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, itoke nyuma juu. Nyaya zifunge kando. Ukishafanya hivyo, feni moja kuukuu inashinda tatu mpya zilizobandikwa ovyo.

Dada pale anasema, si ufungue tu mfuniko wa ubavuni? Prosesa inaweza kushuka joto kidogo, sikatai. Ila hewa haina tena sababu ya kupita kwenye diski, na vumbi linaingia lipendavyo. Na hapa si vumbi peke yake.

Wenye maduka Kirumba, Igogo na kule Capri Point wanajua ninakokwenda. Wadudu wa ziwani. Lile wingu linaloinuka juu ya maji, kwa wingi zaidi siku za karibu na mwezi mwandamo, usiku linafuata taa. Duka liko wazi, taa inawaka juu ya kompyuta, feni inavuta: unategemea nini? Vumbi kavu linapulizika. Vumbi lililochanganyika na hao wadudu linashikana, linakuwa zulia juu ya mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachonyonya joto la prosesa, na blowa inalichezea tu. Hapo utahitaji brashi, na wakati mwingine kuifungua hitisinki kabisa.

Dawa yangu ni soksi ya nailoni ya kina mama, ivutwe vizuri juu ya tundu lote la mbele. Inapunguza hewa, kwa hiyo usiibane kwenye tundu dogo, ipe eneo kubwa. Na kwa duka la ufukweni, feni yako nzuri kuliko zote iweke mbele, iingize hewa nyingi kuliko inayotolewa nyuma. Hivyo hewa inapenya kwenye soksi, haijiibii njia kwenye nyufa. Msimu wa wadudu, ifue kila wiki. Ukipuliza kwa blowa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Yakikimbia kupita kiasi, beringi inakufa.

Sasa hizo za kwenye mifuko. Soma stika. Tunataka volti 12 ya DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu. Feni nyingi za fotokopi ni volti 24. Ukiipa 12 itajikokota au isiamke kabisa. Zile nzito za bodi ya chuma mara nyingi ni za volti 220, na hizo hazina kazi ndani ya kompyuta. Feni ya kwenye pawa saplai iliyokufa, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, ni nzuri, ila kapasita za kisanduku hicho, vile vitunza chaji, hufika volti 300 na zaidi, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Iache ikae, kisha upime kwa mita kabla ya kuingiza vidole. Ikiwa feni inakwama, bandua stika, tia tone la mafuta ya cherehani. Ikiwa inakwaruza hata baada ya hapo, itupe.

Waya mweusi wa feni ni ardhi, yaani hasi, mwekundu volti 12, wa njano unaiambia madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, mwendo wa feni. Kwenye plagi ya diski ya pawa saplai rangi zinabadilika: njano ndiyo 12, nyekundu ni 5, kwa hiyo msichanganye. Soketi ya madabodi kwa kawaida hubeba ampea 1. Feni za seva zinaweza kuzidi hapo, hizo zipe umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai. Baadhi ya kompyuta za Dell zina plagi yao wenyewe, na zisiposikia mwendo wa feni zinasimama wakati wa kuwaka na kulalamika.

Halafu pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto. Ikishakauka kati ya prosesa na hitisinki, hakuna feni itakayokuokoa. Futa, weka mpya kiasi cha punje ya choroko.

Mzee wangu hapa mbele ameuliza kuhusu umeme wa LUKU. Feni ya volti 12 na ampea 0.15 inakula wati 1.8. Ikizunguka saa 10 kila siku, kwa mwezi ni kama nusu uniti. Printa yako ya leza, mzee, inapopasha tu kabla ya karatasi ya kwanza, inavuta mamia ya wati, na habari zake hujaniuliza.