Kuvuka si Kuzuia

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie sheria inayomkataza mwenda kwa miguu kuzuia magari barabarani, na mwenyekiti amenipa nusu saa. Mimi ni wakili, na wakili akipewa nusu saa hula saa nzima. Mkiona nimepitiliza, nikoholeeni.

Kwanza niwaulize. Wangapi wamefika hapa kwa miguu leo? Naam, karibu ukumbi wote. Wangapi wamevuka Jogoo Road? Vizuri. Na wangapi wamevukia mahali pasipo kivuko? (Kicheko.) Mikono imeshuka yote. Mshaogopa wakili.

Tuisome sheria yenyewe, kwa maana wengi wetu hukamatwa kwa maneno ambayo hatujawahi kuyasikia yakisomwa. Sheria ya Trafiki ni Sura ya 403. Mwaka 2016 zikatolewa kanuni za makosa madogo, na ndani yake mna orodha ya makosa na faini zake. Mojawapo ni la mwenda kwa miguu anayezuia kwa makusudi magari yasipite. Faini yake ni shilingi 500. Orodha hiyohiyo ina dereva anayepitisha gari kwenye njia ya waenda kwa miguu, naye faini yake ni 5,000. Mara kumi. Kwa hiyo aliyeiandika ile orodha alijua vyema kwamba chuma kikiingia kwa watu si sawa na mtu kuingia kwenye chuma. Tatizo halijaanzia kwenye karatasi. Hebu simameni jioni kwenye njia ya kando hapo nje, mhesabu boda boda zinazopiga honi mgongoni mwenu ili mzipishe kwenye njia yenu wenyewe, kisha mniambie mmeona ngapi zikitozwa.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye maneno mawili: kuzuia, na makusudi. Kosa lililoandikwa pale ni kuzuia, tena kwa makusudi. Mlevi anayesimama katikati ya barabara na kuyaongoza magari kama mkuu wa kwaya, huyo anazuia. Anayelala mbele ya lori kwa sababu amegombana na dereva, anazuia, na makusudi yake yanaonekana toka soko la Burma hadi City Stadium. Lakini mama anayetoka Marikiti na gunia la viazi mgongoni, akasimama ukingoni mwa Haile Selassie Avenue, akangoja, akaona mwanya, akapita, amezuia nini? Amevuka. Huenda amevukia pabaya, huenda amejihatarisha, na kama kuna kivuko karibu basi ana la kujibu. Hilo ni jambo jingine na lina maneno yake. Askari na hakimu wakiyachanganya haya mawili, ndipo mtu anaposhtakiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, badala ya lile alilolifanya.

Nayajua haya kwa ngozi yangu. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma sheria, kitabu kwapani. Barabara sitaitaja. Nilivuka chini ya daraja la waenda kwa miguu kwa sababu nilikuwa nimechelewa, na upande wa pili kulikuwa na askari na lori. Humo ndani tulikuwa kumi na wawili: fundi wa viatu na sanduku lake, kijana aliyekumbatia kioo cha kabati kama mtoto mchanga, wasichana wa kiwandani, na mzee mmoja aliyevaa koti zito lililopigwa pasi vizuri. Tukafikishwa mahakamani. Shtaka likasomwa kwa Kiingereza cha kukimbizana. Mzee akaniuliza kwa kunong'ona, “Mwanangu, wanasema tumefanya nini?” Nikamwambia, “Tumezuia magari, mzee.” Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemshtaki. “Lakini mimi niliyangojea yote yapite ndipo nikavuka!”

Huo ulikuwa utetezi kamili. Sijausikia ulio safi zaidi ya huo tangu niapishwe. Na unajua mwanafunzi wa sheria alimwambia nini? Nilimwambia, “Sema tu ni kweli, mzee, tutoke mapema.” Wote kumi na wawili tukasema ni kweli. Tukalipa. Nilipotoka nilimkuta yule mzee amesimama mbele ya lango la mahakama, anatazama kulia, kushoto, kulia tena. Hapakuwa na kivuko pale.

Nisieleweke vibaya. Sikuja hapa kumwambia mtu avuke barabara kuu mbiombio kwa jina la haki. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zinaonyesha kwamba mwaka 2024 watu 4,748 walikufa barabarani nchini, na zaidi ya thuluthi yao walikuwa waenda kwa miguu. Hesabu ni ya darasa la sita. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Likienda 100, hukata 28. Dereva akikuona, sekunde moja nzima huweza kupita kabla mguu wake haujagusa breki, na katika sekunde hiyo gari limeshakata mita 28 bila kupunguza chochote. Wewe unaliona liko mbali. Liko mbali, ndiyo, ila linakula umbali kuliko jicho lako linavyokisia, hasa usiku. Binti yangu akivukia ovyo namgombeza mpaka majirani wanachungulia dirishani.

Lakini kumgombeza binti yangu ni kazi yangu mimi mzazi. Kazi ya jiji ni nyingine: kuuliza kwa nini watu wenye akili timamu, wenye watoto nyumbani, wanaona afadhali wakimbizane na magari kuliko kupanda daraja.

Tulichukue daraja basi, kwa sababu ndilo jibu tunalopewa kila mara. Thika Road ilipofunguliwa mwaka 2012 ilikuwa fahari yetu, na ni fahari kweli. Mimi mwenyewe niliipita siku za mwanzo bila safari yoyote, kuionja tu. Ilipata madaraja ya waenda kwa miguu, lakini leni zile pana zilikuwa zimekata katikati vitongoji ambavyo watu wake walikuwa wakitembeleana. Sasa pimeni. Daraja likipita juu ya magari kwa kimo cha mita 5 na nusu hivi, na likiwa na mteremko ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuupanda, yaani mita 12 za kwenda kwa kila mita 1 ya kupanda, mteremko huo unakuwa na mita 66. Upande wa pili 66 nyingine. Mita 132 umetembea, na bado hujahesabu daraja lenyewe wala umbali wa kulifuata lilipo. Ukiokoa nafasi kwa kuweka ngazi, umemfungia nje mlemavu, na Katiba, Kifungu cha 54, inampa haki ya kufika mahali pote ipasavyo. Mwenye gari, kwa upande wake, haongezewi hata mita moja. Anayetumia mafuta ananyooshewa njia. Anayetumia magoti ndiye anayezungushwa.

Halafu ije saa mbili usiku. Taa za daraja zimekufa. Kule juu kuna vijana wawili wamesimama wanatazama simu, na hujui kama ni simu zao au ni za waliopita kabla yako. Chini kuna magari, juu kuna kisu. Msichana anayetoka zamu anapiga hesabu yake kwa sekunde mbili, anachagua magari. Nani kati yetu atamwambia amekosea hesabu?

Mkitaka kujua balbu ile ni ya nani, jitayarisheni kutembea tena. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, taa za barabarani, trafiki na maegesho ni kazi ya kaunti, pamoja na barabara za kaunti. Barabara kuu za taifa ni za serikali kuu. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaunda KeNHA kwa barabara kuu na KURA kwa barabara za mijini. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka nyumbani Githurai kwa njia ya ofisi moja, akavuka barabara ya ofisi ya pili, akashukia ya tatu, na kote huko ni mguu uleule na kiatu kilekile. Akikamatwa, sheria inamwona mara moja. Balbu ikiungua, barua inazunguka. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilitoa sera ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, ikiahidi kuwatengea asilimia 20 ya fedha za barabara. Nyinyi mnaotembea toka Mukuru na Kibera hadi Industrial Area kila alfajiri mtanieleza baadaye kama asilimia 20 hiyo mmeikanyaga mahali. Nikiri, katikati ya jiji kuna mabadiliko: Wabera Street, Muindi Mbingu na Kenyatta Avenue zilipanuliwa njia za kando miaka ile ya 2020 na 2021, na zinapendeza. Lakini huko ndiko watalii hupiga picha. Mguu wa Nairobi hautoki huko.

Hii fikra ya kumfanya mvukaji kuwa mkosaji ilitoka wapi? Magari yalipoanza kujaa Marekani, barabara ilikuwa ya kila mtu: watoto, wachuuzi, farasi. Magari yakaua wengi, watoto hasa, na watu wakakasirikia madereva. Mwaka 1923, mji wa Cincinnati ulipiga kura kuhusu pendekezo la kulazimisha kila gari lifungwe kidhibiti mwendo, lisizidi maili 25 kwa saa. Wauza magari wakaamka. Wakafanya kampeni kubwa, na pendekezo likaanguka. Kuanzia hapo juhudi zikaelekezwa kwa mtu wa miguu: yeye ndiye ajifunze, yeye ndiye aone haya. Los Angeles ikapitisha kanuni zake mwaka 1925, na miji mingine ikaiga. Jina walilompa mvukaji lilitokana na neno “jay”, ambalo siku hizo lilikuwa tusi la mtu wa kutoka mashambani asiyejua mambo ya mjini. Sasa kumbukeni makanga wa hapa akikukosakosa na matatu yake anakuitaje. “Wee mshamba, umetoka ocha leo?” Tusi lilelile, miaka mia baadaye, na hakuna aliyemfundisha.

Kidhibiti mwendo nacho kilitufikia. Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilizifunga matatu kwa kilomita 80 kwa saa. Mnaokumbuka siku zile mnakumbuka pia malalamiko. Wenzetu wa Marekani nao wameanza kurudi nyuma: California tangu Januari 2023 polisi hawamsimamishi mvukaji isipokuwa pawe na hatari ya wazi ya kugongwa, na jiji la New York liliondoa kosa hilo mwaka 2024, baada ya kuonekana kwamba waliokuwa wakiandikiwa faini karibu wote walikuwa watu weusi na Walatino. Sheria ya kuvuka humchagua mtu wake. Hapa kwetu haichagui kwa rangi. Huchagua kwa nauli.

Mnaikumbuka tarehe 3 Desemba 2018? Matatu zilikatazwa kuingia katikati ya jiji. Watu wakashushwa Ngara, wakashushwa Muthurwa, na jiji zima likatembea, wenye mizigo, wenye mimba, wenye suti. Walijaa hadi kwenye lami, magari yakasubiri. Amri haikudumu. Sikusikia hata mmoja aliyeshtakiwa siku ile kwa kuzuia magari, ingawa magari yalizuiwa hasa. Ukivuka peke yako wewe ni kizuizi. Mkivuka elfu kumi, nyinyi ndio trafiki.

Mwenyekiti amekohoa. Nimalizie na mambo ya kutumia kesho asubuhi.

Ukikamatwa, usikimbie wala usitukane. Uliza kwa sauti ya kawaida: “Afande, kosa langu ni lipi?” Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, upesi, kwa lugha unayoielewa. Ikiwa jibu ni kuzuia magari, uliza ni gari gani lililosimama kwa ajili yako. Kifungu hichohicho kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Na mkifikishwa mbele ya hakimu, msiseme ni kweli kwa sababu ya foleni, kama alivyoshauri mwanafunzi mmoja ninayemjua. Ombeni shtaka lisomwe kwa Kiswahili, polepole. Kama ulivukia pabaya, kiri ulivukia pabaya. Kama uliyangojea magari yote yapite, sema hivyo, kwa maneno yayo hayo, na uombe yaandikwe.

Huyo mwenyekiti anakohoa mara ya pili. Mama wa kitenge cha kijani, mkono wako niliuona tangu nilipotaja Marikiti. Anza wewe.