Kinywe, Almasi na Kinachotokea Jiwe Linapobanwa

Mabibi na mabwana, walimu wangu, wanafunzi, na ndugu zangu wa biashara ya madini mliofunga ofisi mapema ili kuja kunisikiliza: asanteni sana na karibuni.

Mezani hapa kuna vitu viwili. Hiki cheusi ni kinywe kutoka Mahenge, wilayani Ulanga. Atakayekishika ataondoka na vidole vyenye weusi unaong'aa, maana kinywe hubanduka hata kwa kuguswa tu, na ndicho kinachoandika ndani ya penseli. Cha pili ni kikatio cha fundi vioo, na chembe iliyo kwenye ncha yake ni almasi. Inachana kioo bila shida, na hakuna jiwe jingine la asili mnalolijua litakaloikwaruza. Vipelekeni vyote viwili maabara, mkemia atawapa jibu moja: kaboni. Atomu ni zilezile. Hakuna kilichoongezwa kwenye almasi wala kilichoondolewa kwenye kinywe. Kilichobadilika ni mpangilio, na aliyeubadilisha ni mgandamizo.

Tuuangalie mpangilio wenyewe kwa karibu. Ndani ya kinywe kila atomu ya kaboni imeshikana na jirani watatu, wote wakiwa kwenye bapa moja lenye pembe sita-sita. Umbali kati ya jirani na jirani ni nanomita 0.142. Lakini kutoka bapa moja hadi bapa lililo juu yake ni nanomita 0.335, zaidi ya mara mbili, na kinachoyashikilia mabapa hayo pamoja ni nguvu dhaifu mno. Ndiyo maana yanateleza. Huo mwanya katikati ndio nataka muukumbuke, kwa sababu ni nafasi isiyotumika, na mgandamizo unapozidi, nafasi isiyotumika ndiyo ya kwanza kwenda. Mabapa yanasukumwa hadi atomu za huku zinashikana na za kule, na kila atomu inapata jirani wa nne. Sasa hakuna bapa tena. Kuna fuwele moja iliyofungamana pande zote. Sentimita moja ya ujazo ya kinywe ina uzito wa gramu 2.2 hivi. Ya almasi ina gramu 3.5. Kaboni ileile imebanwa ikapoteza zaidi ya theluthi moja ya ukubwa wake.

Kanuni hii inatawala takribani kila kitu nitakachosema leo: ukiibana maada vya kutosha, atomu zake hutafuta mpangilio unaochukua nafasi ndogo zaidi. Sifa tulizodhani ni za maada hiyo, yaani ugumu wake, rangi yake, kupitisha umeme au kutopitisha, huenda zikabadilika zote kwa pamoja.

Ni mgandamizo wa kiasi gani? Hapa tuhesabu kwa atmosfia, ambapo atmosfia 1 ni uzito wa hewa unaotulemea sote tukiwa usawa wa bahari. Kwenye sakafu ya Ziwa Tanganyika, kina cha mita 1,470, ni yapata 140. Kwenye shimo la Mariana, mahali penye kina kirefu kuliko pote baharini, ni zaidi ya 1,000. Hapo fuwele nyingi bado hazijashtuka. Almasi za kawaida huzaliwa kilomita 150 hadi 200 chini ya miguu yetu, ambako mgandamizo hufika atmosfia 50,000 au 60,000, na joto huzidi nyuzi 900 za Selsiasi. Kwenye kitovu cha dunia ni atmosfia milioni 3.6.

Joto nalo lina kazi yake. Vifungo vya kaboni ni imara kiasi kwamba mgandamizo peke yake hautoshi kuvivunja ili vifungwe upya. Atomu zinahitaji kutikiswa. Kampuni ya ASEA ya Sweden ilitengeneza almasi mwaka 1953, ikanyamaza. Desemba 1954 Tracy Hall akaitengeneza kwenye maabara ya General Electric, Schenectady, jimbo la New York, na mwaka uliofuata dunia ikatangaziwa. Siri ilikuwa mgandamizo, joto, na metali iliyoyeyuka ambamo kaboni iliweza kutembea na kujipanga upya. Sehemu kubwa ya almasi zinazotumika leo kwenye misumeno ya kukatia mawe na zege hutoka viwandani.

Sasa swali ambalo wanafunzi makini huwa wananiuliza: mgandamizo ukiondoka, mbona almasi hairudi kuwa kinywe? Kwa haki ingepaswa kurudi. Hapa tulipo, kwenye atmosfia 1, mpangilio tulivu zaidi wa kaboni ni kinywe. Almasi iliyo kwenye pete haijarudi kwa sababu ni baridi, na atomu zake hazina nguvu ya kuvunja vifungo. Kwa hiyo kila almasi ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ina deni kwa mlipuko wa volkano. Yapata miaka milioni 50 iliyopita magma, yaani mwamba ulioyeyuka, wa aina iitwayo kimbalaiti, ilipanda kutoka mantili, lile tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, ikapasua ardhi ya Shinyanga na kuacha bomba la mwamba lenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi. Magma ya aina hiyo hupanda kwa saa chache au siku chache. Almasi zilifika juu na kupoa kabla hazijapata muda wa kujipanga upya.

Kwamba zingejipanga, tunao ushahidi, na uko Afrika. Beni Bousera, kaskazini mwa Morocco, kuna miamba ya mantili iliyopanda polepole, ikiwa bado na joto kali. Ndani yake wanajiolojia walikuta vipande vya kinywe laini kabisa, lakini vyenye umbo la pande nane, umbo ambalo kinywe hakikui nalo kamwe. Ni umbo la almasi. Zilikuwa almasi, zikachelewa njiani. Kwangu mimi hakuna sampuli inayofundisha somo hili vizuri kuliko hiyo.

Na siyo kaboni tu. Wenzetu wa Taita Taveta wanaijua kayanaiti, yale madini ya buluu yaliyochimbwa Murka. Kayanaiti ina ndugu wawili, andalusaiti na silimanaiti, wenye alumini, silikoni na oksijeni kwa uwiano uleule kabisa. Kati yao, kayanaiti ndiyo ya mgandamizo mkubwa, hivyo ukiiona kwenye mwamba unajua mwamba huo uliwahi kuzikwa chini sana, na ule wa Taita ulizikwa wakati mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Je, tunayajuaje ya kilomita 600, 1,000, 2,700, ambako hakuna mashine ya kuchimba iliyowahi kukaribia? Hapa almasi inarudi kwa kazi nyingine. Mwaka 1958, kwenye ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani mjini Washington, Charles Weir, Alvin Van Valkenburg na wenzao walitengeneza kifaa kinachoenea kwenye kiganja, kiitwacho fuawe ya almasi. Chukua almasi mbili, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama. Zikate ncha ziwe bapa, upana wa sehemu chache za kumi za milimita. Zielekezane, na katikati weka kibati cha chuma kilichotobolewa tundu ambalo jicho tupu hulioni vizuri. Sampuli inaingia tunduni. Halafu unakaza skurubu kwa mkono, kwa spana ndogo, taratibu.

Mtu anashangaa: mkono wa binadamu uzalishe mgandamizo wa ndani ya dunia? Ni kwa sababu ya eneo. Kidole kikisukuma ngozi hakiumizi, sindano kwa nguvu ileile inapenya. Ncha za almasi zina eneo dogo mno, na kwa kifaa hiki watafiti wamefikia na kupita atmosfia milioni 3. Uzuri wake mwingine ni kwamba almasi inapitisha mwanga. Unaweza kuchungulia kwa hadubini na kuona sampuli ikibadilika mbele ya macho yako. Pembeni ya sampuli huwekwa punje ya rubi. Ikimulikwa kwa leza, rubi hutoa mwanga mwekundu wenye mawimbi ya nanomita 694, na kila mgandamizo ukiongezeka, urefu huo wa mawimbi husogea kwa kiasi kinachojulikana. Kwa hiyo punje hiyo ndiyo geji. Ili kuona atomu zimepangwaje, hupitishwa eksirei kali kutoka kwenye mitambo mikubwa kama ule wa Grenoble, Ufaransa. Bara letu halina hata mtambo mmoja wa aina hiyo, na hilo linaniuma, kwa sababu mawe mengi yanayosafirishwa kwenda kupimwa huko ni ya kwetu.

Jaribio la kupendeza kuliko yote ni la maji ya kawaida. Weka tone moja kwenye tundu, halijoto ya chumbani, kaza skurubu. Yakifika atmosfia 10,000 hivi, maji yanaganda. Siyo barafu ya friji, bali ile iitwayo barafu ya VI, nzito kuliko maji, inayozama ndani yake. Endelea kukaza hadi zaidi ya 20,000 na fuwele zinajipanga tena kuwa barafu ya VII, ambayo ukizidi kuibana inaweza kubaki barafu hata kwenye joto linalochemsha maji jikoni. Percy Bridgman wa Harvard ndiye aliyeifungua njia hii kwa mitambo yake ya chuma miaka mingi kabla, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1946.

Turudi chini ya ardhi. Mantili ya juu imejaa olivini, madini ya kijani. Volkano ya Lashaine, karibu na Monduli, ilitapika mawe yenye olivini hiyo. Mawimbi ya tetemeko yakisafiri kwenda chini, kwenye kina cha kilomita 410 yanaongeza kasi ghafla. Kwa muda mrefu watu walijiuliza kama hapo kuna mwamba wa aina nyingine. Fuawe za almasi na mashinikizo makubwa ya maabara yalijibu: kemia ni ileile, ila olivini imejipanga upya kuwa wadslaiti. Kwenye kilomita 520 hivi inakuwa ringwudaiti. Kwenye 660, atmosfia 230,000 au zaidi kidogo, inavunjika kabisa, na silikoni iliyozoea kuzungukwa na oksijeni nne sasa inazungukwa na sita. Madini yanayozaliwa hapo ndiyo mengi kuliko yote duniani, na hayakuwa na jina rasmi hadi mwaka 2014, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepata kipande cha asili cha kupima. Kilipatikana ndani ya kimondo kilichoanguka Tenham, Australia, mwaka 1879, ambacho mgongano wa angani ulikibana ghafla. Yakaitwa brijimanaiti, kwa heshima ya Bridgman. Chini zaidi, karibu na kiini, nayo hujipanga upya. Hilo liligunduliwa Japani mwaka 2004.

Mwaka huohuo wa 2014 kulitokea jambo ambalo ndilo lililonifanya niwaalike ninyi wa biashara. Wachimbaji wadogo wa Juina, Brazili, walikuwa wameuza almasi ya kahawia, chafu, pana milimita 3, kwa dola 20 hivi. Ndani yake Graham Pearson na wenzake walikuta chembe ya ringwudaiti, ya kwanza kutoka duniani kwetu, ikiwa na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele yake kwa kiasi cha asilimia 1.5 hivi ya uzito wake. Miaka minne baadaye barafu ya VII ilipatikana ndani ya almasi kutoka kusini mwa Afrika na China. Almasi ni ngumu kiasi kwamba iliendelea kuubana mzigo wake hadi juu, kwa sehemu ya mgandamizo ule wa kilindini.

Kwa hiyo ombi langu kwa madalali na wachimbaji wa Maganzo, jirani na Mwadui, ni moja. Jiwe lenye doa ndani mnalishusha bei, na wengine huuza kwa ajili ya kusagwa. Kabla halijasagwa, liitieni mjiolojia alitazame kwa hadubini. Haimchukui muda mrefu, na jiwe haliharibiki.

Nashukuru kwa usikivu wenu. Nadhani kuna mkono umeshanyooshwa kule nyuma.