Asilimia 10 sio uongo jamani

Najua wengine mmeshanisikia nikiongea hili mpaka mmechoka, ila nitaongea tena maana bado mtu anapewa utabiri wa asilimia 10 ya tonado (ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo, kutoka kwenye wingu la radi mpaka ardhini), siku inapita shwari, kesho yake anasema wale jamaa wa utabiri waongo. Uongo uko wapi? Walisema 10! Zikusanye siku kama hizo kumi, tisa zitakupita salama, na ndicho walichokuambia.

(Tonado, sio kimbunga cha baharini. Kiswahili tunaviita vyote kimbunga na hapo ndipo tunapochanganyana: kile cha baharini setilaiti inakiona siku kadhaa kabla, huyu anazaliwa na kufa ndani ya dakika.)

Na hiyo 10 yenyewe muielewe. Kituo cha utabiri wa dhoruba cha Marekani, kule Norman, Oklahoma, kikiandika 10 kinamaanisha uwezekano wa tonado kutokea ndani ya kilomita 40 kutoka ulipo, sio juu ya bati lako. Siku ya kawaida, hata msimu wenyewe ukiwa umekolea, namba hiyo inacheza kwenye 1 hivi. Sasa ikifika 10 wewe unaiona ndogo?

Haya, kwa nini wasiseme tu itapiga au haitapiga. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana kila kitu kiko kwenye mfuniko. Asubuhi chini kuna hewa yenye unyevu imetoka Ghuba ya Mexico, juu yake imelala hewa kavu yenye joto imetoka nyanda za juu za Mexico, na hiyo ya juu ndio mfuniko wa sufuria. Jua linachochea moto tangu asubuhi. Mfuniko ukiwa mlegevu, mvua za radi zinaibuka mapema kila mahali, zinanyang'anyana unyevu, basi mnalowana tu. Ukiwa mzito, mchana kutwa utaona vijiwingu kama pamba vinapanda, vinafika mahali vinakatika kichwa, vinakauka, jua linazama na hakuna kilichotokea. Ila ukiwa wa katikati, unaoshikilia mpaka jioni halafu ukaachia sehemu moja au mbili, hapo wingu linapasuka kwenda juu zaidi ya kilomita 12 kwa muda mfupi sana, na kama upepo wa juu na wa chini umepishana vizuri linaanza kujizungusha. Na tofauti ya mlegevu, mzito na wa katikati inaweza kuwa digrii moja tu! Digrii moja, kilomita kama mbili juu ya kichwa chako, na maputo ya kupima huko yanarushwa mara mbili kwa siku, kituo na kituo mamia ya kilomita. Kiangazi ndio balaa zaidi, joto na unyevu vipo kila siku, anayefungua mfuniko anaweza kuwa upepo wa baridi uliobaki kwenye mvua ya jana usiku.

Mtaniambia si kuna kompyuta kubwa siku hizi. Zipo, na zimesaidia sana, lakini modeli nzuri, yaani programu inayokokotoa hali ya hewa ijayo, inaigawa nchi vipande vya kilomita 3 na tonado nyingi hazifiki hata nusu kilomita kwa upana. Ndio maana wanairudia modeli mara nyingi, kila mara wanabadilisha mwanzo kidogo, wanahesabu ngapi zimeleta dhoruba. Namba unayopewa inaanzia hapo, haijaokotwa.

Tarehe 20 Mei 2019, Oklahoma na Texas waliwekewa kiwango cha juu kabisa, tonado asilimia 45, shule zikafungwa. Tonado zikaja, ila sio lile janga lililoogopwa, na watu wakalalamika. Tarehe 10 Agosti 2020, Iowa, ikawa kinyume: jana yake ramani ilionyesha hatari ya ngazi za chini tu, kesho ukapita ukuta wa upepo ukalaza mahindi chini, hasara ya mabilioni ya dola. Mtabiri yuleyule, anga ileile.

Kinachoniuma ni Joplin, Missouri, 22 Mei 2011. Ving'ora vililia, watu wengi wakasubiri kwanza wapate uhakika mwingine, wengine wakatoka nje kuangalia. Walikufa zaidi ya 150. Walishazoea kusikia ving'ora bila kuona kitu, na siwalaumu hata kidogo, nawalaumu waliowafundisha kwamba tahadhari isiyotimia ni uongo.

Naona muda umeisha na rada, mtambo wa kuangalia mawingu kwa mbali, sijaigusa. Kwa kifupi: mwale wake unapanda kadiri unavyokwenda mbali, ukifika kilomita 100 uko kama kilomita moja na nusu juu, kinachofanyika chini hauoni, na mawingu mengi yanayozunguka hayatoi tonado kabisa. Leteni maswali. Wa kuniuliza kesho itapiga au haitapiga namrudisha kwenye sufuria.