Fiston ni jina au ni "we kijana"? Majina ya kiume ya Kifaransa na maana zake

Asha: Haya karibuni tena jamani, mimi Asha, na mwenzangu Baraka kachelewa dakika ishirini anasingizia mwendokasi.

Baraka: Sisingizii dada, gari mbili zimenipita zimejaa mpaka mlangoni.

Asha: Haya tumekusamehe. Leo ishu imetoka nyumbani kwetu kabisa. Mdogo wangu si kaolewa na Mrundi, sasa ana mimba ya miezi saba, ultrasaundi imesema dume, basi ukweni wametuma listi kwenye grupu la familia, majina kumi na nne yote ya Kifaransa. Tukamsomea bibi, kasikiliza weee, mwisho kauliza, "hilo Guillaume ntaliitaje na mimi sina meno ya mbele?"

Baraka: (anacheka) Kwani linatamkwaje?

Asha: Giyom. Ndo William wa Waingereza hilohilo, na asili yake wala sio Kifaransa, ni Kijerumani cha kale, "nia" ukiunganisha na "kofia ya chuma". Mengi ya kifalme yametoka huko kwa Wafranki, Wajerumani wa kale walioitawala Ufaransa. Louis ni maarufu wa vita, Thierry ni mtawala wa watu, Henri mtawala wa nyumba.

Baraka: Subiri, Thierry Henry wa Arsenal, kwaiyo yeye ni mtawala wa watu halafu mtawala wa nyumba tena?

Asha: Jina na jina la ukoo, ndio.

Baraka: Mabeki walikuwa hawajaambiwa hayo.

Asha: Ila mi kilichonikamata sio hao wa vita, ni yale majina ambayo ukiyafungua unakuta ni majina yetu hayahaya. Chukua Pascal, mtoto wa Pasaka. Noël, wa Krismasi. Toussaint, wa sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Sasa hiyo ina tofauti gani na Idi, Ramadhani, Shabani? Félix ni mwenye bahati, mwenye furaha, yaani Saidi. Na wewe ukizaliwa Bujumbura ungeitwa Benoît.

Baraka: Benwa? Mimi?

Asha: Benoît ni aliyebarikiwa. Usikunje uso.

Baraka: Afadhali nibaki Baraka. Dieudonné najua, tulisoma na mmoja, kila mwalimu alikuwa anaita anavyojua yeye, Dieudone, Diyudone, mpaka Daudi.

Asha: Mungu kampa. Huyo ndo Majaliwa wa huku. Na sio jina la kijijini, Louis XIV mfalme mkubwa wa Ufaransa aliitwa Louis-Dieudonné, maana kazaliwa 1638 wazazi wana miaka 23 kwenye ndoa bila mtoto aliye hai. Hebu fikiria presha ya mawifi hapo.

Baraka: Ikulu nzima ni mawifi.

Asha: Halafu kuna Désiré, aliyetamaniwa, aliyesubiriwa. Na hili lina vituko, Mobutu wa Zaire, Kongo ya sasa, alikuwa Joseph-Désiré, Kabila mzee alikuwa Laurent-Désiré, Désiré mmoja kamtoa Désiré mwenzake madarakani 1997.

Baraka: Ila Mobutu si aliyafuta majina ya Kizungu?

Asha: 1972, nchi nzima, majina ya ubatizo marufuku, yeye mwenyewe ndo akawa Sese Seko. Alivyolegea yakarudi yote, tena kwa kasi.

Baraka: Sasa mi nina swali la mpira. Fiston Mayele.

Asha: Nilijua tu!

Baraka: Hapana sikiliza, tumetetema naye misimu miwili Yanga kabla hajaenda Pyramids ya Misri, hakuna aliyejiuliza Fiston maana yake nini.

Asha: Ni "kijana wangu". Mfaransa anamwita hivyo mwanae, "njoo fiston", kama mzee wa huku anavyosema "we kijana njoo hapa". Kongo ndo wamelichukua wakaliweka kwenye vyeti.

Baraka: Kwaiyo kocha akiita "fiston" mazoezini wanageuka wote.

Asha: Na Heritier Makambo naye, yule mshambuliaji mwingine wa Kongo aliyepita Yanga, jina lake ni mrithi. Yaani wakongo wanachukua neno zima lilivyo, Innocent asiye na hatia, Pacifique mpenda amani, hawazungushi, na mi naona wamewazidi Wafaransa wenyewe kwa sababu maana inasikika hapohapo. Mfaransa anamwita mtoto Claude hajui kama kwa Kilatini ni mwenye kuchechemea.

Baraka: Claude Makélélé, yule kiungo wa Chelsea! Kachechemea wapi yule?

Asha: Na Blaise ni mwenye kithembe. Limo kwenye listi yetu hilo, nimelipiga mstari kimyakimya.

Baraka: (anacheka) Ukweni wasikusikie. Mi ningechukua Pierre.

Asha: Pierre ni tamu, maana kwa Kifaransa ni neno lilelile la jiwe. Sisi tunasoma "wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu", maneno mawili tofauti, Mfaransa anasoma wewe ni Pierre na juu ya pierre hii, utani wa Yesu anaupata hapohapo.

Baraka: Sasa kwenye kuandikisha mtazipata wapi hizo alama za juu ya herufi?

Asha: Hapo ndo mtihani. Mdogo wangu anapenda Aimé, aliyependwa, linatamkwa Eme. Ukitoa ile alama ya juu ya E limeshakuwa "penda", kama unamwamuru mtu, na huku wataliita A-i-me tu. Usione dogo, Ufaransa kwenyewe kuna wazazi wa mkoa wa Brittany walimwita mtoto Fañch, ndo François wa kwao, 2017 mahakama ya Quimper ikakataa kikistari cha juu ya N, ikabidi wakate rufaa, mahakama ya rufaa ya Rennes ikawapa 2018.

Baraka: Kesi ya kikistari!

Asha: Na hao wana nafuu, zamani kwa sheria ya 1803 jina lilitoka kwenye kalenda ya watakatifu au historia ya kale, uhuru wa kuchagua umekuja 1993.

Baraka: Sasa mwisho wa siku mnamwitaje?

Asha: Mama mtu anataka Aimé, baba anataka Dieudonné, grupu halilali. Ila bibi ni Yanga damu, na ameshaanza, kila asubuhi anaweka mkono kwenye tumbo anauliza, "Fistoni wangu umeamkaje?"

Baraka: Basi hiyo kesi imeisha.